Mti wa mpakani

'''Mti wa mpakani''' ni mti uliosimama juu ya mstari unaotenganisha viwanja au mashamba mawili, au karibu nao kiasi kwamba mwenyewe hajulikani kwa kuutazama tu. Suala la umiliki wake kwa kawaida hulala miaka mingi, mpaka siku mmoja wa majirani anapotaka kuukata, tawi linapovunja paa, au fidia inapolipwa ili barabara ipite.

== Kumtambua mwenyewe ==

Katika sheria za nchi nyingi kinachoangaliwa ni mahali shina linapotoka ardhini. Mwembe ulioinama hadi kivuli chake chote kikawa kwa jirani bado ni mali ya yule ambaye shina limeota kwake. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuuchunguza mti bali kuutafuta mpaka. Mawe ya mpaka yaliyowekwa na mpima ardhi hutafutwa (mara nyingi yamekwisha kufukiwa na udongo), kamba huvutwa kutoka jiwe moja hadi lingine, ndipo huonekana inapita upande gani wa shina. Ua au seng'enge si ushahidi wa kutosha, maana wengi hujenga ua ndani ya mpaka wao, na wengine nje yake.

Nchini Kenya ramani nyingi za usajili huonyesha mipaka kwa kukadiria. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mahakama haisikilizi mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujabainishwa kwa utaratibu wa sheria hiyo, ambao hupitia kwa Msajili wa Ardhi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huhesabu vitu vinavyoota vyenyewe juu ya ardhi kuwa sehemu ya ardhi. Kijijini usuluhishi hufanywa na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, ambao 3 kati yao ni wanawake. Ambapo ardhi haijapimwa, wazee wanaokumbuka nani alipanda mti huwa na uzito kuliko karatasi. Katika vihamba vya Wachaga, mlimani Kilimanjaro, mmea wa masale wenyewe ndio alama ya mpaka. Kuung'oa ni kosa zito, na jani lake hilo hilo hupelekwa kwa jirani kuomba msamaha.

== Shina lililo pande zote mbili ==

Sheria ya Kirumi, katika ''Institutiones'' za Kaisari Justiniani (533), ilisema kwamba mti uliotia mizizi katika ardhi za watu wawili ni wao wote wawili. Ujerumani hufuata njia inayofanana: kwa kifungu cha 923 cha sheria ya madai, iliyoanza kutumika mwaka 1900, matunda ya mti uliosimama juu ya mpaka hugawanywa sawa, na ukikatwa, mti nao vilevile. Nchini Uingereza, kesi ya ''Holder v Coates'' (1827) ilitazama mti ulioteshwa kwanza upande gani, jambo ambalo si rahisi kulithibitisha mti ukiwa na miaka mia.

== Matawi na matunda ==

Kuvuka kwa tawi hakuhamishi umiliki. Katika ''Lemmon v Webb'' (1895) iliamuliwa kwamba jirani wa Uingereza anaweza kukata matawi yaliyoingia kwake bila kutoa taarifa. Lakini ''Mills v Brooker'' (1919) ilionyesha kwamba matofaa ya matawi hayo hubaki ya mwenye mti. Ufaransa ni kinyume: jirani hukata mizizi mwenyewe, ila matawi humtaka mwenye mti ayakate, na matunda yaliyodondoka yenyewe ni ya jirani.

== Mti usiofuata ardhi ==

Pwani ya Afrika Mashariki kanuni ya shina haitoshi. Unguja na Pemba kwa desturi mtu huweza kumiliki minazi au mikarafuu iliyo katika ardhi ya mwingine, akaiuza, akairithisha au akaiweka rehani. Miongoni mwa Wagiriama wa Kenya, mauzo ya minazi yalihitaji mashahidi wazee, kama alivyoeleza David Parkin katika ''Palms, Wine and Witnesses'' (1972). Hapo anayenunua shamba hana budi kuuliza pia miti ni ya nani, hata ile iliyo katikati kabisa ya kiwanja.