Elimu ya Sheria Mtandaoni katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Elimu ya sheria mtandaoni ni hukumu, makala na mijadala ya kisheria ambayo wahadhiri, majaji, mawakili na wanafunzi huiweka kwenye intaneti isomwe bila malipo. Katika sura yake ya sasa ilianzia Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1992. Tanzania Bara mlango wake mkuu ni TanzLII, hazina ya hukumu inayoendeshwa na Mahakama ya Tanzania. Kwa watu wa Kilwa na Lindi hazina hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa vitivo vya sheria na maktaba zake viko mbali, na kwa miaka mingi mashauri yao ya Mahakama Kuu yameamuliwa chini ya kanda ya Mtwara. Hata hivyo mlango huo umefunguka nusu tu, na si kwa sababu ya uhaba wa mtandao. Sheria ambayo watu wa pwani hii wanaidai na kuijibu kwa Kiswahili haifiki mtandaoni, na ile inayofika huwa imekwisha kuvaa Kiingereza.

Ngazi ya mahakama yenyewe inalionyesha hilo. Ndugu wakigombea mirathi ya minazi Kilwa Kivinje huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako maneno yote ni ya Kiswahili, na hukumu ikishatolewa hubaki ndani ya jalada. Shauri hilo likipanda kwa rufani hadi Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani ndipo hukumu hupewa namba ya rejea na kuingia TanzLII, nayo kwa desturi ndefu imeandikwa kwa Kiingereza. Hasara hii ni kubwa zaidi kwa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni Washafii, na madhehebu hayo yangali yanagawa mirathi ya wengi pwani hii. Kenya, ambako mahakama za kadhi zimo ndani ya Katiba, hukumu za makadhi huchapishwa na Kenya Law na mwanafunzi yeyote anaweza kuzipima. Tanzania Bara mahakama za kadhi ziliondolewa baada ya uhuru, kazi yao ikahamia Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo elimu ya karne kadhaa inaendelea kutumika kila wiki bila kuacha maandishi ambayo mhadhiri angeweza kuyafafanua au kuyapinga.

Upande wa ardhi maandishi yapo, tena mengi. Katika muongo wa 2000 kampuni ya Kiholanzi Bioshape ilipata zaidi ya hekta 30,000 wilayani Kilwa ili kupanda mibono ya mafuta, na kufikia mwaka 2010 kazi ilikuwa imesimama. Swali lililobaki ni la kisheria hasa: ardhi iliyotoka mikononi mwa kijiji hurudi vipi mwekezaji akiondoka? Kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinampa Rais uwezo wa kuigeuza ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, na eneo likizidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji hupendekeza tu, Waziri ndiye anayeamua. Ikishageuzwa, hairudi yenyewe. Watafiti wameliandikia suala hili ripoti na makala zinazopatikana bure mtandaoni, karibu zote kwa Kiingereza, na hivyo kisa cha Kilwa kinajulikana vizuri zaidi vyuoni Ulaya kuliko vijijini kilikotokea.

Wapo wanaosema Kiingereza hakikwepeki, kwa kuwa majaji hurejea maamuzi ya Uingereza, India na Kenya. Hoja hiyo ina nguvu kwa hukumu, ingawa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kwa makala ya ufafanuzi haina nguvu hiyo: mwandishi anaweza kutaja kesi ya London na bado akaeleza kifungu cha 4 kwa Kiswahili. Istilahi nazo si kisingizio. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, alizishughulikia tangu miaka ya 1960. Wengine huhofia kwamba asiyesomea sheria ataielewa vibaya. Ataielewa vibaya, ndiyo, lakini leo anaipokea kwa uvumi wa barazani, ambao hauna jina la kuwajibika wala mahali pa kusahihishwa. Na wanaouliza ni wangapi watakaosoma wanamsahau msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mmoja mwenye simu akisoma, mkutano mzima wa kijiji utasikia.

Mahakama imeanza kutumia programu ya kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri, na huenda siku moja hata maneno ya Mahakama ya Mwanzo yakahifadhiwa. Programu hiyo haitamwambia mtu wa Kilwa kama hakimu alikosea. Kazi hiyo ni ya wanazuoni, na majarida yao, likiwemo Eastern Africa Law Review lililoanza miaka ya 1960, yamezoea kuifanya kwa Kiingereza.