Uwanja Uliokodishwa kwa Dola Moja

Huenda ukadhani kuwa uwanja wa gofu ni mahali pa starehe tu. Hebu sikiliza habari za Gillespie Park, uwanja wa mji wa Greensboro, North Carolina, katika Marekani. Ulijengwa kwa fedha za umma, lakini watu weusi hawakuruhusiwa kuucheza. Mwaka wa 1949 wakuu wa mji waliukodisha kwa chama cha wachezaji, kwa dola moja kwa mwaka, ili uhesabiwe kuwa mali ya watu binafsi.

Tarehe 7 Desemba 1955 watu weusi sita, akiwamo George Simkins, tabibu wa meno, waliweka mezani ada ya senti 75, wakaingia kucheza. Walikamatwa, wakashtakiwa kwa kuingia bila ruhusa. Mwaka wa 1957 jaji mmoja aliamua kuwa mkataba ule haukuuondolea mji wajibu wake kwa raia wote. Ndipo mji ukaufunga uwanja. Uliona heri wote wakose kuliko wote washiriki. Ulipofunguliwa tena mwaka wa 1962, Simkins ndiye aliyepiga mpira wa kwanza.

Zingatia, basi: mali ya umma hubaki ya umma, hata ikiandikwa jina jingine. Njia ya mwongo ni fupi.