Sanduku la kubebea lukasa ya tamthilia

Kikundi cha tamthilia pa Kamina kikicheza hadithi ya Kalala Ilunga na Nkongolo, mwenye kusimulia anapaswa kuwa na lukasa mkononi. Lukasa njo ubao wa kumbukumbu wa Baluba. Unashikwa kwa mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kuume kinafuata shanga, na watu wa Mbudye walisoma humo habari za wafalme. Ubao wa mchezo unachongwa nyumbani, na mara nyingi shanga zake zinabandikwa na kole tu. Moja ikidondoka, si urembo peke yake unapotea: rangi yake na pahali pake vina maana.

Hatari kubwa iko safarini. Kutoka Kamina reli inaenda Lubumbashi, Ilebo ao Kalemie, na ndani ya behewa mizigo inapangwa moja juu ya ingine. Mtikisiko unalegeza misumari pole pole, kwa hiyo mbao za sanduku zikazwe na visi pamoja na kole. Mbao ziwe kavu kabisa. Mbao mbichi zikikauka zinajikunja na kifuniko hakifungi tena. Kwenye pembe, mukebe wa maziwa unakatwa, unakunjwa, unapigiliwa kwa nje. Mpira wa ndani wa kinga unafaa kuwa bawaba, na haupati kutu.

Kosa la wengi ni kujaza sponji juu ya shanga wakifikiri wanazilinda. Sponji ikigandamizwa, inazing'oa. Ubao ushikwe kandokando tu: kata sponji ya matela kwa umbo la lukasa, ilaze humo, shanga zikitazama juu, na acha vidole viwili vya nafasi mpaka kwenye kifuniko. Tikisa sanduku kabla ya safari. Ukisikia kitu kinagonga, ongeza vipande vya kitenge pembeni.

Kamba ya kubebea isifungwe kwenye kifuniko. Ipite chini ya sanduku lote, ndipo uzito ukae juu ya kamba, si juu ya visi. Kwa mvua, paka rangi ya mafuta kwa nje. Mawese hapana, yanavuta panya.

Tena, piga picha ya lukasa na telefone, itoe kwa karatasi, ibandike ndani ya kifuniko. Shanga ikitoka njiani, mutu anajua pa kuirudisha.