Jinsi ofisi huria ilivyofundishwa kusema na wasioona

Septemba 2005, jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2007 hati za ofisi zake zitahifadhiwa katika muundo huria wa OpenDocument. Wakuu wa jimbo walikuwa na hoja nzito. Kumbukumbu za umma, walisema, hazifai kufungiwa ndani ya muundo unaomilikiwa na kampuni moja, kwa sababu raia wa miaka ijayo naye ana haki ya kuzifungua. Wapenzi wa programu huria duniani kote walishangilia.

Upinzani wa kampuni kubwa ulitarajiwa. Ambao haukutarajiwa na wengi ni ule wa watumishi na wananchi wasioona. Hawa hawakuwa na ugomvi na uhuria wa hati. Walikuwa wanalinda ajira zao. Programu ya bure iliyotajwa kila mara kuwa mbadala wa Microsoft Office, yaani OpenOffice.org, haikuwa ikizungumza vizuri na visoma skrini vyao, na mtumishi ambaye kompyuta yake haisemi hana kazi ya kufanya pale mezani.

Ili kuuelewa uchungu wao, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Kisoma skrini ni programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini, au kukipeleka kwenye kifaa cha nukta nundu ili vidole vikisome. Enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, kazi hiyo haikuwa ngumu sana, kwani skrini ilikuwa herufi tupu na programu ilizichota moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine. Hapo ndipo kilipozaliwa kisoma skrini cha JAWS mwaka 1989, kazi ya Ted Henter, aliyekuwa mwendesha pikipiki wa mashindano kabla ya ajali ya gari ya mwaka 1978 kumpofusha. Kisha ikaja Windows, na herufi zikageuka picha. Kitufe, menyu na mshale vyote vikawa michoro. Watengenezaji wa visoma skrini walilazimika kuinasa michoro hiyo ikiwa njiani kwenda kwenye skrini na kukisia kila mmoja una maana gani. Mwaka 1997 Microsoft ilitoa njia rasmi ya programu kujieleza: hiki ni kitufe, jina lake ni hili, kimebonyezwa au hakijabonyezwa. JAWS na Word zikazoeana mwaka baada ya mwaka, na watu wasioona wakapata kazi za ukarani, uhasibu na uandishi.

OpenOffice.org ilikuwa na nasaba nyingine. Ilitokana na StarOffice ya Ujerumani, iliyonunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999. Mwaka uliofuata Sun ikaachia msimbo wake kwa umma. Ili ifanane kwenye kila aina ya kompyuta, programu hii ilijichorea yenyewe madirisha na vitufe vyake badala ya kuazima vya Windows. Kwa anayeona, tofauti ilikuwa ndogo. Kwa kisoma skrini, pale palipokuwa na menyu nzima hapakuwa na kitu.

Sun haikukaa kimya. Ilitengeneza njia ya kupitishia habari za menyu na vitufe kwenye jukwaa la programu la Java. Mtumiaji alitakiwa asakinishe Java, asakinishe daraja la kuiunganisha na kisoma skrini, kisha aingie kwenye mipangilio na kuwasha vifaa saidizi. Baada ya safari yote hiyo bado mwendo ulikuwa wa kobe, na ni visoma skrini vichache tu vilivyolijua daraja lenyewe. Kuiita hali hiyo ufikivu ni kuipamba.

Huko Massachusetts vita viliwachosha wengi. Peter Quinn, mkuu wa teknolojia ya habari wa jimbo, alijiuzulu mwanzoni mwa 2006. Baadaye mwaka huohuo jimbo likaamua kubaki na Microsoft Office, likiiongezea kiunganishi cha kuiwezesha kufungua na kuhifadhi OpenDocument. Walioitetea programu huria waliona wameshindwa.

Lakini yale malalamiko yalizaa matunda ambayo shangwe pekee isingeyazaa. Mwanzoni mwa 2006, shirika la viwango la OASIS liliunda kamati ndogo ya kuukagua muundo wa OpenDocument kwa jicho la ufikivu. Februari 2007 likapitisha toleo la 1.1, likiwa na marekebisho ya vitu kama maelezo ya picha na vichwa vya majedwali. Kabla ya hapo, Desemba 2006, IBM ilitoa bure IAccessible2, lugha pana zaidi ya programu kujieleza mbele ya kisoma skrini, inayoweza kubeba hata maandishi marefu na majedwali.

Mwaka huohuo wa 2006, Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianza kuandika kisoma skrini chake mwenyewe. JAWS iliuzwa takriban dola 1,000, bei inayozidi ya kompyuta yenyewe. Rafiki yake James Teh, naye asiyeona, akaungana naye, na mwaka 2007 wakaanzisha taasisi ya NV Access. Kisoma skrini chao, NVDA, hutolewa bure, na msimbo wake uko wazi. Upande wa Linux nako kukawa na Orca, kisoma skrini huria kilichoingia katika mazingira ya GNOME mwaka huo wa 2006.

Ilichukua hadi 2014 kwa nyuzi hizi kuunganishwa. Mwaka huo LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice.org mwaka 2010, na Apache OpenOffice, mwendelezo wa OpenOffice.org yenyewe, zote zilipata IAccessible2 kwenye Windows. Safari ya kuzunguka kupitia Java ikaisha. Tangu Massachusetts itangaze mpango wake ilikuwa imepita karibu miaka tisa, na hiyo ni mingi mno kwa mtu anayesubiri kuandika barua yake mwenyewe.

Kiswahili kina sehemu katika simulizi hii. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi huria yenye menyu za Kiswahili. NVDA nayo huja na eSpeak, mashine ya sauti ambayo miongoni mwa lugha zake kimo Kiswahili. Sauti yake ni kavu, lakini inasoma.

Kinachobaki kiko mikononi mwa waandishi wa hati. Kichwa cha habari kilichokuzwa tu kwa herufi nene hakitambuliki na kisoma skrini kuwa kichwa. Kiwekewe mtindo wa kichwa cha habari. Picha isiyo na maelezo haisemi lolote. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020, LibreOffice ina kikaguzi cha ufikivu kinachoonyesha kasoro za namna hii. Katibu wa mkutano, mwalimu na ofisa wa halmashauri, kila mmoja akipitishe kwenye hati yake kabla ya kuituma.