Meli ya Vita Iliyofika Ndani ya Masanduku

Liemba kila mtu kambini anaijua kwa namna yake. Mzee wa Baraka atakwambia ndiyo meli iliyomrudisha Uvira mwaka 1997, kabla vita vingine havijamleta tena huku. Mama wa Nyanza-Lac atakwambia ndiyo iliyomtoa Kagunga mwaka 2015, ana mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Wachache sana watakwambia kwamba meli hiyohiyo iliwahi kubeba mzinga ziwani, na kwamba jina lake la kwanza lilikuwa la gavana wa Kijerumani.

Kikundi chetu kinajenga mfano wake kwa plastiki. Huko Ulaya na Japani kazi hii ni starehe ya watu wengi. Wananunua sanduku la kiwanda, kama vile Tamiya, ndani mna mamia ya vipande vyenye namba na karatasi ya maelekezo. Meli ya vita ya Japani, Yamato, ilikuwa na urefu wa mita 263. Kwa kipimo cha moja kwa 350 inakuwa sentimita 75, inakaa juu ya meza. Mjenzi anaweza kutumia mwaka mzima kubandika ngazi, kamba na mizinga midogo kama sindano.

Sisi hatuna sanduku la kiwanda. Tuna madumu ya njano ya mafuta, yale Wakongo tunaita bido. Tumechagua kipimo cha moja kwa 100, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: mita moja ya meli ni sentimita moja ya mfano. Liemba ina urefu wa kama mita 71, basi mfano wetu una sentimita 71. Upana wake ni karibu mita 10, kwa hiyo sentimita 10.

Plastiki ya dumu ina ukaidi wake. Gundi ya dukani haishiki, inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Tunapasua dumu, tunalilaza katika maji ya moto, tunalikandamiza kwa ubao lipoe likiwa limenyooka. Mkuku na mataruma ni waya na mti. Vipande vya ubavuni tunaviunganisha kwa kisu kilichopashwa moto, au tunavishona kwa waya mwembamba. Dohani ni kipande cha bomba la maji. Ribiti tunazifanya kwa kugonga msumari taratibu upande wa ndani, nje kunatokea vipele vidogo, mstari kwa mstari. Kijana mmoja aligonga ribiti siku tatu, akauliza, "Hivi meli yenyewe ilifungwa yote namna hii?" Ndiyo. Na hapo ndipo historia inapoanza kunoga.

Meli hii ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer. Ikasimamishwa nzima kule, halafu ikafunguliwa tena. Vipande vyake vikafungwa katika masanduku 5,000, vikapakiwa kwenye meli za mizigo hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo vikapanda treni kwenda Kigoma, reli iliyokuwa imefika ziwani mwaka 1914. Kwa hiyo Liemba yenyewe, ile ya chuma, ilifika kama vile mifano ya plastiki inavyomfikia mnunuzi: ndani ya sanduku, vipande vipande, ikingoja mtu anayejua kipi kinakaa wapi.

Wajuzi hao wanatajwa kwa majina: Anton Rüter na wenzake wawili, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, wote kutoka Papenburg. Lakini watu watatu hawapigi ribiti za meli ya mita 71. Waliobeba mabamba, waliopasha ribiti moto, waliopiga nyundo chini ya jua la Kigoma ni Waafrika pamoja na mafundi wa Kihindi. Majina yao hayasomwi katika vitabu. Ndiyo kwanza nikaona kwamba vipande vya chuma vilihesabiwa vizuri kuliko watu walioviunganisha.

Meli iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915. Vita Kuu vilikuwa vimeanza, basi ikavikwa silaha. Ikaitwa Graf von Goetzen, jina la gavana aliyetawala Afrika Mashariki ya Wajerumani kuanzia 1901 hadi 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji. Ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Ziwani hapakuwa na meli ya kuifikia kwa ukubwa.

Upande wa pili, Kongo, Waingereza walifanya jambo la kustaajabisha. Walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa treni, kisha wakazivusha nchi kavu juu ya milima ya Mitumba kwa injini za mvuke na ng'ombe, na mwishowe zikafika Lukuga, karibu na mji tunaouita leo Kalemie. Nani alikata miti, akapasua njia, akajenga madaraja ya magogo? Mababu zetu. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Goetzen yenyewe hazikuigusa.

Sasa sikiliza hili, maana mimi ndilo lililonikamata. Wajerumani waliuhitaji mzinga ule kwa vita vya nchi kavu. Wakauvua melini, na mahali pake wakaweka mzinga wa mti, ili anayetazama kwa mbali aendelee kuogopa. Yaani manowari kubwa kuliko zote ziwani ilibaki na silaha ya mfano, kama hii yetu ya mezani. Tarehe 26 Julai 1916, Kigoma ikiwa karibu kutekwa, wajenzi walewale walipaka mitambo grisi nzito na kuizamisha meli kwa mikono yao, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Walitaka siku moja iweze kufufuliwa. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari zake kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji.

Piga hesabu. Maisha yake ya vita yalikuwa mwaka mmoja na kidogo. Maisha yake ya kubeba dagaa, mahindi, wafanyabiashara, wagonjwa, maharusi na wakimbizi yanakaribia karne. Hata hivyo, wanaoiandika wengi wanaanza na mzinga.

Ndiyo maana kazi iliyotuchelewesha kuliko zote haikuwa ya kisu wala waya. Anayejenga mfano wa meli lazima achague mwaka. Rangi, bendera, mzinga, vyote vinategemea mwaka. Vijana walitaka 1915, meli ina silaha za kweli, inatisha. Mzee mmoja, fundi seremala, akasema, "Wanangu, huo mzinga ulinifikisha wapi? Mimi nilipanda meli, sikupanda mzinga." Mama mmoja Mrundi akaongeza kwamba Kagunga mlima uko nyuma, ziwa liko mbele, barabara hakuna, kipindupindu kinaua, na walipoiona Liemba imesimama majini hakuna aliyeuliza ni ya Mjerumani au ya nani.

Mimi nilikuwa na neno langu. Tukiuondoa mzinga kabisa, tunawaondoa pia walioubeba. Vita vile vilichukua mamia ya maelfu ya wapagazi, pande zote, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi chao. Kuwasahau ili meli yetu ipendeze si haki.

Tukakubaliana hivi. Ubavu wa kulia ni Julai 1916: rangi ya kijivu, na omoni mzinga wa mti. Ni mti kweli, mzee ameuchonga kwa mkono, kwa hiyo pale mfano wetu hautofautiani na meli yenyewe. Ubavu wa kushoto ni Liemba ya 2015. Mtaalamu wa mifano atasema meli haiwezi kuwa ya miaka miwili kwa wakati mmoja. Lakini watu wa ziwa hili ndivyo wanavyoijua.

Kisha watu. Mifano mingi ya manowari ina ngazi zote, mizinga yote, na sitaha tupu. Yamato ilizama tarehe 7 Aprili 1945 na watu kama 3,000, lakini juu ya meza nyingi haina hata mmoja. Kwa kipimo chetu, mtu wa mita 1 na sentimita 70 anakuwa milimita 17, kama punje ndefu ya haragwe. Anaonekana vizuri, ana kichwa, ana mzigo. Liemba ilikuwa ikibeba abiria 600. Tunataka wote 600 wawepo kushoto, na wapagazi na wapiga nyundo kulia, gatini, kila mmoja na chake begani.

Hao hatutawachonga sisi peke yetu. Uliyepanda Liemba 1997 au 2015, njoo na kipande cha dumu ukate mwenyewe umbo lako, na la mwenzako ambaye hayupo. Na nyinyi ndugu wa mashirika mliosimama pale ufukweni mkiandika majina, mlikuwepo pia. Njooni mkate la kwenu. Plastiki ipo ya kutosha. Visu viwili tu ndivyo vina makali, kwa hiyo tutapokezana.