Jinsi Bakteria Wanavyoiondolea Sumu Fomaldehaidi

Fomaldehaidi ni gesi isiyo na rangi, yenye harufu kali, inayotumika viwandani kutengeneza gundi za plaiwudi. Ikiyeyushwa katika maji huitwa fomalini, ambayo hutumika maabara na katika vyumba vya kuhifadhia maiti ili kuzuia kuoza. Mwaka 2004, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiainisha kuwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Hatari yake inatokana na wepesi wake wa kujishikiza kwenye protini na DNA ndani ya seli. Kwa sababu hiyo huua hata bakteria. Hata hivyo, wapo bakteria wanaoimudu sumu hii kwa kuifunga haraka na kuibadilisha kabla haijaleta madhara.

Njia zao kuu ni tatu:

Njia ya glutathioni. Hutumiwa na Escherichia coli, bakteria wa utumbo. Fomaldehaidi huungana na glutathioni, molekuli ndogo inayolinda seli, kisha vimeng'enya viwili huigeuza kuwa fomati. Jeni za vimeng'enya hivyo huzimwa na protini iitwayo FrmR. Sumu inapoingia hujishikiza kwenye protini hiyo, nayo huziachia jeni zianze kazi.

Njia ya methanopterini. Methylorubrum extorquens, bakteria wa rangi ya waridi aishiye juu ya majani, hula methanoli inayotolewa na mimea. Methanoli hiyo kwanza hugeuka kuwa fomaldehaidi, ambayo kimeng'enya kiitwacho Fae huiunganisha na kibebaji maalumu hadi iwe fomati.

Njia ya sukari. Bacillus methanolicus huiunganisha fomaldehaidi na sukari ya kaboni tano, ikapatikana sukari ya kaboni sita. Hivyo sumu huwa chakula cha kujengea seli.

Katika njia mbili za kwanza, fomati yaweza kuvunjwa zaidi kuwa kabonidioksidi, na wengi wa bakteria hao hujipatia nishati humo.

Uwezo huu hutumika kusafisha maji taka ya viwandani, lakini una mpaka. Fomaldehaidi ikizidi kiwango, bakteria wasafishaji nao hufa na mtambo husimama. Kwa hiyo fomalini haipaswi kumwagwa ovyo katika mifereji: maji yenye sumu hiyo huingizwa mtamboni kidogo kidogo, yakiwa yamepunguzwa makali, ili bakteria wapate kuizoea.