Umbali na Bei: Historia ya Usawa wa Matibabu Tanzania

Usawa katika matibabu una vipimo viwili ambavyo mgonjwa huvijua hata kabla hajamwona mganga, navyo ni umbali wa kufika penye dawa na bei ya kuipata. Katika historia ya Tanzania, kila kizazi kilijaribu kupunguza kimojawapo, na kila kilipofanikiwa kilikuta cha pili kikingali mlangoni.

Wakati wa ukoloni vipimo hivyo vilitanguliwa na kizuizi cha rangi. Hospitali ya Ocean Road, iliyokamilika mwaka 1897 ufukweni Dar es Salaam, ilikuwa ya Wazungu, ilhali Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyobeba jina la Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetoa fedha za kuijenga. Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baadaye iliitwa Muhimbili, ilifunguliwa mwaka 1956 na kuchukua nafasi ya Sewa Haji, huku huduma za vijijini zikitegemea kwa sehemu kubwa misheni na zahanati chache za serikali za mitaa.

Uhuru wa mwaka 1961 uliondoa ubaguzi wa rangi, lakini haukumsogeza mkulima karibu na daktari. Azimio la Arusha la mwaka 1967, tamko la siasa ya ujamaa, lilieleza dhuluma hiyo waziwazi: hospitali kubwa zote zilikuwa mijini na ziliwafaa watu wachache, ilhali mikopo iliyozijenga ililipwa kwa fedha za kigeni zilizotokana na mazao ya wakulima, ambao wengi wao hawakupata kulazwa humo.

Kutokana na hoja hiyo, serikali ilielekeza nguvu vijijini katika miaka ya 1970. Ilijenga zahanati, yaani mahali pa kutibu maradhi ya kawaida karibu na makazi, na juu yake vituo vya afya, vyenye vitanda, huduma za uzazi na jukumu la kusimamia zahanati za jirani. Kazi ya kutibu ilikabidhiwa waganga wasaidizi wa vijijini, waliofunzwa baada ya elimu ya msingi, kwa kuwa kumngoja daktari kungechukua miaka mingi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma, iliwafikia watu wapatao milioni mbili na kuwahimiza kuchimba vyoo na kutunza maji. Kufikia mwaka 1980 zahanati zilizidi 2,000 na vituo vya afya 200. Matibabu ya serikali yalitolewa bila malipo, na sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara.

Umbali ulipungua, lakini dawa zilianza kuadimika pale uchumi ulipodorora baada ya vita vya Kagera dhidi ya Uganda na kupanda kwa bei ya mafuta. Mgonjwa aliyefika zahanati karibu na nyumbani aliandikiwa dawa akainunue kwingine, na hivyo huduma ikawa bure kwa jina tu. Hospitali binafsi ziliruhusiwa tena mwaka 1991, na mwaka 1993 ulianza uchangiaji wa gharama, yaani utaratibu wa mgonjwa kulipa sehemu ya matibabu yake. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wasio na uwezo walipewa msamaha, lakini msamaha ulioandikwa bila fedha za kuufidia uliiachia zahanati mzigo, na mara nyingi maskini ndiye aliyetakiwa kuthibitisha umaskini wake mbele ya karani.

Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa wilayani Igunga katikati ya miaka ya 1990, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni juhudi za kuondoa fedha dirishani kwa kuzikusanya kabla ya maradhi. Thamani ya juhudi hizo itapimwa kwa swali lilelile la mwaka 1967, yaani nani analipa na nani anatibiwa. Na jibu la haki litapatikana siku mkulima atakapoikuta zahanati jirani ikiwa na mganga, ikiwa na dawa, na ikiwa tayari kumpokea mikono mitupu.